Mali kauli isiyo na RB

Mvua ya Jumamosi iliyopita ilianza alfajiri, na hadi saa nne asubuhi ilikuwa haijaonyesha dalili yoyote ya kukatika. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye huuza viatu vya mtumba katika soko la Kilombero hapa Arusha, alifunika meza yake kwa turubai, akasubiri wateja hadi akachoka, kisha akaja kwangu Sombetini akiwa amelowa hadi magotini. Alinikuta nimeanza kutazama filamu moja ya zamani kwenye kompyuta. Nikairudisha mwanzo ili tuitazame pamoja, nikawa namtafsiria maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini ya picha, kama walivyofanya wale wafasiri wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, vya Ngarenaro tulipokuwa wadogo, ila mimi sina kile kipaji chao cha kumfanya mhalifu wa ng'ambo azungumze kama mtoto wa Kaloleni.

Filamu hiyo inaitwa Pusher. Ilitolewa mwaka 1996 nchini Denmark, na mwongozaji wake, Nicolas Winding Refn, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hakuwahi kuongoza filamu ndefu kabla ya hiyo. Kichwa cha filamu hakikuhitaji tafsiri yangu, kwa maana Kiswahili cha mitaani kilikwisha kulichukua neno hilo zamani na kulivika umbo letu: pusha, mapusha. Anayeuza kete za dawa za kulevya kijiweni ni pusha, na aliye juu kabisa, ambaye hakuna anayemwona, ni zungu la unga, hata akiwa mweusi kama mimi. Neno unga nalo lina mzaha wake kwa watu wa Arusha, kwa sababu tunayo kata nzima inayoitwa Unga Limited, iliyopata jina kutokana na kiwanda cha kusaga nafaka. Rafiki yangu aliyezaliwa huko aliwahi kuniambia kwamba kila anapojitambulisha Dar es Salaam hulazimika kufafanua kuwa anazungumzia unga wa ugali.

Kisa chenyewe ni rahisi kusimulia. Frank, anayeigizwa na Kim Bodnia, ni pusha wa ngazi ya kati katika jiji la Copenhagen, na filamu inamfuata kwa juma moja, Jumatatu hadi Jumapili, kila siku ikitangazwa kwa jina lake. Yuko na rafiki yake Tonny, kijana mwenye kichwa kilichonyolewa na neno lenye maana ya heshima lililochorwa kisogoni, ingawa heshima hana hata chembe. Tonny anaigizwa na Mads Mikkelsen, na hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, miaka kumi kabla ya dunia nzima kumjua kama adui wa James Bond. Frank ananunua mzigo kwa Milo, mfanyabiashara mwenye asili ya Serbia, ambaye tayari anamdai kroner 50,000. Anajitokeza Mswidi mmoja, mtu aliyefungwa pamoja na Frank zamani, akitaka heroini nyingi na akiitaka haraka. Frank hana fedha wala mzigo. Anakwenda kwa Milo na kuomba apewe kwanza, alipe akishauza.

Hapo ndipo shemeji alipoweka kikombe chini.

"Huyu anachukua mali kauli," alisema.

Nikamwambia ndivyo.

"Na la kwanza hajalimaliza?"

Nikamwambia hajalimaliza.

"Na huyo mteja mwenyewe hajamwachia hata advansi? Basi huyu mwisho wake naujua. Wewe tafsiri tu."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu filamu hii, na karibu yote huanza na ukatili wake, kamera yake inayotikisika begani mwa mpiga picha, na lugha yake ya matusi. Hayo yamo. Lakini shemeji, ambaye hajui lolote kuhusu sinema ya Denmark, alikuwa ameugusa moyo wa kisa ndani ya dakika ishirini, kwa sababu mambo yale yeye huyaishi kila siku ya Mungu. Dawa za kulevya katika filamu hii huonekana kwa dakika chache tu. Kinachoonekana tangu Jumatatu hadi Jumapili ni deni.

Kwa wale ambao hawajawahi kufanya biashara sokoni, mali kauli ni mzigo unaopewa kwa neno lako tu. Tajiri anakukabidhi belo la nguo, au magunia ya vitunguu, au katoni za mafuta, anaandika jina lako na kiasi kwenye kaunta buku, nawe unakwenda kuuza na kurudisha fedha siku mliyokubaliana. Hakuna hati ya nyumba inayowekwa rehani wala mdhamini anayetia saini. Wauza mitumba wengi ninaowafahamu mjini walianza hivyo, na sioni ni benki gani ingewaamini kwa namna hiyo. Nami nilianza hivyo.

Mwaka 2012, kabla sijapata kazi ya kushika mahesabu ninayoifanya sasa, nilichukua mabelo mawili ya makoti kwa mali kauli. Ilikuwa mwezi Mei, na kila mtu aliyewahi kuishi chini ya Mlima Meru anajua kwamba baridi ya Juni na Julai haina utani, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nzuri. Belo la kwanza lilitoka safi na likaisha kwa siku tisa. Belo la pili, nilipolikata mikanda, lilianza na makoti matatu mazuri ya sufu yaliyopangwa juu, na chini yake kukawa na vikoti vya mvua vya watoto wadogo, vya plastiki, vingi vikiwa vimeshikana kwa joto hata kuvibandua kulikuwa kuvichana. Nilikaa chini juu ya lile rundo nikiwa na kikoti cha njano mkononi, chenye picha ya bata kifuani, huku nikipiga hesabu ambayo haikutoka. Nilibaki nadaiwa shilingi 480,000.

Badala ya kwenda kwa tajiri siku ileile, nilibadilisha njia. Nilikuwa nikipita nyuma ya soko ili nisipite mbele ya duka lake, na simu nikaizima. Baada ya wiki tatu akaja kijana wake mmoja pale nilipokuwa nimepanga vitu vyangu, akasimama kwa adabu, akasema, "Tajiri anakusalimia." Hakusema neno jingine. Sijawahi kupokea salamu iliyonitia baridi kama ile.

Nilikwenda. Tajiri aliniagizia chai na maandazi mawili, akasubiri nimalize la kwanza, ndipo akafungua kaunta buku na kuligeuza ili nilisome jina langu mwenyewe. Alisema kwa sauti ya upole kabisa: "Kijana wangu, ungeniletea belo siku uliyolikata, ningelirudisha kwa aliyeniuzia. Leo nitajuaje kwamba mazuri hukuyauza?" Sikuwa na jibu. Neno langu, ambalo ndilo lililokuwa dhamana pekee, nilikuwa nimelichelewesha hadi likachacha. Nililipa kwa miezi saba, elfu ishirini ishirini, nyingine sabini nikibahatika.

Ndiyo maana tukio la ziwani katika Pusher lilinifanya nisimamishe picha nikapumue. Frank anakwenda kukutana na Mswidi akiwa na mzigo wa Milo, polisi wanavamia, naye anakimbia kwa miguu, kamera ikimfuata kwa nyuma hadi mtazamaji anahema pamoja naye. Mbele yake ni ziwa. Anaingia majini na kuupasua mfuko, na ule unga wote unayeyuka. Kwa upande wa polisi amefanya jambo la busara, kwa kuwa ushahidi umepotea. Wanamweka mahabusu, wanamtikisa kwa maelezo wanayodai Tonny ameyatia saini, naye anakana kila kitu, na wanalazimika kumwachia. Lakini ushahidi uliopotea kwa polisi umepotea kwa Milo pia. Anaporudi na kueleza yaliyompata, anasema ukweli mtupu, nasi watazamaji ni mashahidi, tumeona kwa macho yetu. Milo hakuona. Kroner 230,000 ndicho kiasi anachotamkiwa.

Shemeji alinyamaza hapo kwa muda. Kisha akaanza kuzungumzia Samunge, jambo ambalo kwa kawaida halizungumzii.

Soko la Samunge, kwa wasiokuwapo, liliungua Machi 2020. Shemeji alikuwa na meza huko wakati huo, na viatu vilivyokuwa juu yake vilikuwa vya mali kauli karibu vyote. Asubuhi yake mama aliyempa mzigo alikuja mwenyewe, akasimama juu ya majivu akiwa amefunga khanga kiunoni, akaona soli zilizoyeyuka zikashikana pamoja kama ugali uliolala. Hakumsamehe deni. Lakini hakuhitaji kuuliza kama moto ulikuwapo kweli. Walipanga upya malipo palepale, wakiwa wamesimama, na baada ya mwezi akampa mzigo mwingine mdogo ili apate cha kumlipia ule wa kwanza.

"Mimi mali yangu iliingia motoni, yake majini," shemeji alisema. "Tofauti ni kwamba yeye hawezi kwenda kuchukua RB."

Nimeifikiria sentensi hiyo juma zima, na ndiyo iliyonifanya niandike. RB ni namba tu ambayo polisi huandika kwenye kikaratasi mtu anapokwenda kuripoti kwamba ameibiwa au amepotelewa na kitu. Wengi tunajua kwamba haitairudisha simu wala pochi. Hata hivyo tunaikimbilia, kwa sababu ni neno la mtu wa tatu: inamwambia bosi, tajiri, au kampuni ya simu kwamba huyu mtu hakulala akaamka na hadithi. Pamoja na RB zipo barua ya mtendaji, ushahidi wa mjumbe, majirani wa meza, na wazee wa soko. Tajiri wangu aliyenipa chai angeweza kunipeleka kwa mjumbe, nami ningeweza kuleta vile vikoti vya bata kama ushahidi. Biashara ya unga ni mali kauli ileile, yenye tajiri na kijana wake, yenye tarehe ya malipo na salamu zinazotumwa, ila imenyang'anywa kila kitu kinachoweza kulithibitisha neno. Ukweli na uongo vina uzito mmoja ndani yake. Kinachobaki ni kumuumiza mtu hadi uridhike kwamba kweli hana, na hicho ndicho kinachotokea katika nusu ya pili ya filamu.

Watazamaji wengi humwona Milo kuwa mhalifu wa kuchekesha. Zlatko Burić anamwigiza kama mjomba wa harusini, mkarimu, anayemwita Frank kwa jina la kudekeza, anayekupigia bega huku akikudai. Mimi sikucheka sana. Ule upole niliuona mbele ya maandazi mwaka 2012, na nina hakika tajiri wangu, ambaye ni mtu mwema na tunasalimiana hadi leo, hakuutoa mahali pabaya. Anayedai fedha nyingi kwa watu wengi hana haja ya kupaza sauti. Jambo la kutisha kwa Milo ni kwamba tabia zake zote ni za tajiri wa kawaida hadi pale njia za kawaida zinapokwisha, na zinakwisha mapema mno.

Anaye pia mtu wa kutoza madeni, Radovan, pande la mtu, ambaye kuna wakati anazunguka mjini na Frank ndani ya gari wakitafuta wa kuwabana. Katikati ya kazi hiyo anamweleza Frank kwamba ndoto yake ni kufungua mgahawa. Anasema kwa haya kidogo, kama mtu anayemtajia rafiki jina la msichana anayempenda. Muda mfupi baadaye mdaiwa mmoja, aliyezama kwenye uteja na asiye na chochote cha kulipa, anashinikizwa aende akaibe benki, na anaona heri ajiue kwa risasi mbele yao. Kwangu huo ndio mfululizo bora kuliko yote katika filamu, kwa sababu mwongozaji haweki muziki wa kutuambia tuhisi nini. Filamu ilipigwa kwa kamera ya mkononi, matukio yakirekodiwa kwa mpangilio uleule wa kisa, na kuchoka kwa Frank kunavyoongezeka usoni siku hadi siku hakuonekani kuwa kazi ya vipodozi.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni Vic, mwanamke anayejiuza, ambaye Frank humtaka karibu anapokuwa na hofu na humsukuma anapopata nafuu. Filamu inaujua ubaya huo, lakini kwa muda mrefu inamtazama Vic kwa jicho la Frank, na tunamjua kidogo mno hadi anapofanya uamuzi wake mwishoni. La pili ni kwamba huyo mdaiwa aliyejipiga risasi ni karibu mtumiaji pekee tunayekaa naye. Wengine wote ni wauzaji. Hapa kwetu mambo ni kinyume: teja tunamwona kila siku, amesinzia akiwa amesimama, ameinama hadi unadhani ataanguka lakini haanguki, na akiwa na arosto ya kuukosa unga tunamwona akitetemeka na kuomba mia mbili. Watu wote mtaani wanamjua kwa jina na wanajua ni mtoto wa nani. Anayemuuzia ndiye hatumwoni, na pengine tunapendelea iwe hivyo, kwa kuwa kumwona kungetulazimu kumsalimia. Pusher ilinionyesha nusu ya picha ambayo mtaani imefunikwa, na kwa kufanya hivyo ikaifunika ile nusu nyingine.

Sheria yetu ya mwaka 2015, iliyoleta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya na iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017, imefika hadi kifungo cha maisha kwa wanaosafirisha kiasi kikubwa. Katika mkoa wetu habari za mamlaka hiyo mara nyingi huwa ni za mashamba ya bangi ya Kisimiri huko Arumeru, au za mirungi inayopenya kutoka Kenya, ambako ni zao halali. Heroini hupitia zaidi pwani, kwa majahazi, na ikifika huku juu imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Kila mkono katika hiyo, naamini sasa, ni mali kauli moja juu ya nyingine.

Baada ya filamu kwisha nilimsomea shemeji jambo ambalo lilimfurahisha kuliko filamu yenyewe. Refn, baada ya mafanikio haya ya kwanza, alitengeneza filamu iliyotoka mwaka 2003 ambayo haikuuza. Kampuni yake ilifilisika, naye akabaki na madeni makubwa kwa jina lake. Ili ayalipe, alirudi kwenye Pusher, jambo ambalo hakuwa amelipanga, akatengeneza sehemu ya pili mwaka 2004, inayomhusu Tonny, na ya tatu mwaka 2005, inayomhusu Milo. Shemeji alipiga makofi. "Kumbe naye aliuza mali ya zamani kulipia mpya iliyoungua," alisema, na kuanzia hapo akawa anamzungumzia mwongozaji huyo kama mtu wa meza ya jirani. Waingereza waliirudia sehemu ya kwanza mwaka 2012, Milo akiigizwa tena na Burić yuleyule. Nimeijaribu, kila kitu humo kinang'aa mno, hata deni.

Ambao hawajaitazama Pusher ya kwanza waruke aya hii. Jumapili, Frank na Vic wamepanga kutorokea Hispania, fedha kidogo zimepatikana, na Milo anapiga simu kusema kwamba atapokea hicho kilichopo na yaishe. Frank anamwamini, au anajilazimisha kumwamini, na kwa jeuri ya mtu aliyepata pumzi anamwambia Vic kwamba safari imekufa. Vic anazichukua zile fedha na kuondoka. Upande wa pili wa mji, Milo na watu wake wanajiandaa kumpokea. Picha ya mwisho ni uso wa Frank, amesimama, anafikiri, na hakuna tena siku nyingine ya juma iliyobaki.

"Kwa hiyo deni limelipwa au halijalipwa?" shemeji aliuliza nilipokuwa nafunga kompyuta.

Nilimwambia filamu inaishia hapo.

Alikunja uso kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Mvua ilikuwa imepungua na kuwa manyunyu, na kutoka dirishani niliona watu wameanza kutembea kando ya barabara wakiwa wamepandisha suruali. Akavaa viatu, akatoka barazani, na nikamsikia akipiga simu. Alisubiri, akasafisha koo.

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni mimi wa Kilombero. Nilikuwa nasema, leo mvua haikuturuhusu kabisa, watu hawakutoka. Ile ya Jumatatu naomba niilete Jumatano. Ndiyo mama. Jumatano asubuhi."